Kishikwambi bila bando ni ubao bila chaki

Juu ya meza yangu ofisini kuna kitabu cha jiografia ambacho jalada lake nimelibandika kwa gundi mara tatu. Kwenye ukurasa wa maziwa makubwa ya dunia kimepanga hivi: Caspian, Superior, Victoria, Aral. Orodha hiyo nimeiandika ubaoni miaka mingi, kwa mwandiko mzuri, wanafunzi wakainakili na wengine wakaipatia alama. Wakati naiandika, sehemu kubwa ya ziwa la nne ilikuwa imekwisha kukauka zamani.

Nilikuja kuliona likikauka mwaka juzi, saa sita za usiku, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, pale ambapo mtandao hukubali. Bando la usiku ni nafuu, ndiyo maana siku hizi naandaa masomo saa ambazo majirani wanakoroma. Nilifungua picha za setilaiti zilizopangwa mwaka kwa mwaka kuanzia 1984, nikawa nasogeza kidole. Ziwa likanywea kama dimbwi la barabarani lililopigwa jua. Mwaka 1960 lilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 68,000, karibu sawa na Ziwa Victoria letu. Kisha Wasovieti wakachepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya ili wamwagilie pamba, na kufika 2014 upande wa mashariki wa ziwa la kusini ulikuwa umegeuka mchanga mtupu. Nilirudia kutazama mara nne. Bando likakata.

Asubuhi niliingia kidato cha tatu na vishikwambi vitatu, changu na viwili vya kuazima kwa walimu wenzangu, vyote vina picha nilizozihifadhi usiku. Darasa lina wanafunzi 66. Tukagawana makundi, na waliokuwa wakisubiri zamu wakachora ziwa la zamani kutoka kitabuni. Kundi la pili lilipofika kwenye picha ya Moynaq, mji wa Uzbekistan uliokuwa bandari ya wavuvi, msichana mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake alisema kwa nguvu: "Mwalimu, hizi meli zimepandaje huku porini?"

Meli zenyewe zina kutu, zimelala mchangani, vichaka vimeota ubavuni. Maji yako mbali, zaidi ya kilomita 100. Nikamwambia hazikupanda popote, maji ndiyo yaliyozikimbia. Kijana wa dawati la nyuma, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Shinyanga, akataka kujua kama pamba ya kwao nayo ni mnywaji wa kiasi hicho. Nikamjibu kwamba ya kwao hulimwa kwa mvua, hawachepushi mto. Akauliza tena: "Na mvua ikikoma?" Tukaingia dakika kumi za mwalimu wa baiolojia, ambaye mpaka leo ananidai.

Naomba msomaji aone jambo moja hapo. Yule msichana aliuliza kwa Kiswahili, na kanuni ya madarasa ya sekondari ni Kiingereza. Nilijifanya sikuisikia lugha, nikalisikia swali. Miaka kumi na tisa nimefundisha jiografia hapa Kondoa, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa nikiwaonyesha watoto dunia kupitia aya za Kiingereza wanazozikariri bila kuziona. Picha ya setilaiti haina lugha. Mtoto anayeogopa kunyoosha mkono kwa sababu hajui wakati uliopita wa kitenzi cha Kiingereza, haogopi kuonyesha kwa kidole mahali maji yalipokuwa.

Sasa nije kwenye dai langu. Baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viende kwa walimu. Lilikuwa jambo jema na nalishukuru hadharani, maana kabla ya hapo "kompyuta ya shule" kwa wengi wetu ilikuwa mlango wenye kufuli na ufunguo ulio kwa mtu aliyesafiri. Ila kishikwambi kilikuja peke yake. Kwenye matumizi ya shule yetu kuna fungu la chaki, kuna karatasi za mitihani, kuna wino wa mashine. Bando halina fungu. Ukilitaja kikaoni, watu wanacheka kidogo, kama vile umeomba fedha za kuchati.

Basi nimepiga hesabu yangu, ichekwe na hii pia. Mimi hutumia takriban GB 4 kwa mwezi kwa maandalizi ya masomo, nikinunua kwa kuvizia ofa za usiku. Ni kama shilingi 8,000. Walimu wa jiografia tuko wawili, kwa hiyo 16,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya masomo ni 160,000. Kwa bei za mnadani kwetu hiyo ni mbuzi wawili, tena si wakubwa. Shule inaweza kununua mbuzi wawili wa mahafali bila kikao cha dharura.

Si kwamba nataka watoto wakae siku nzima mbele ya kioo. Video ndefu za mtandaoni sizipendi. Nimejaribu kuwawekea moja, dakika ishirini za Mmarekani mchangamfu anayeongea kama anakimbizwa na nyuki, na nilipowatazama usoni nikaona darasa zima limeondoka, miili tu ndiyo iliyobaki. Ninachotumia ni picha moja au mbili, ramani moja, na swali ambalo sijawapa jibu lake. Vyote nakuwa nimevishusha usiku, kwa sababu anayengoja mtandao wa saa nne asubuhi akiwa mbele ya wanafunzi 66 anajitafutia aibu. Nina pia Wikipedia ya Kiswahili kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa programu iitwayo Kiwix, ambayo husomeka hata mtandao ukikatika wiki nzima. Na vitabu vya kiada vya mtaala mpya Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka mtandaoni. Vitu vipo, tena vingi ni vya bure. Gharama ni njia ya kuvifikia.

Nitoe mfano wa Uholanzi, somo ambalo tangu mimi nikiwa mwanafunzi lilifundishwa kwa sentensi zilezile: Waholanzi walijenga kuta, wakafukuza bahari, wakalima. Nani anaelewa kufukuza bahari? Mtoto wa Kondoa bahari hajaiona, sembuse kuifukuza. Mwaka jana niliwawekea kidato cha pili picha ya juu ya Noordoostpolder: mashamba yamenyooka kama mistari ya daftari, na katikati kuna kiraka kirefu cha miti kisichofuata mistari. Nikawauliza hicho ni nini. Msitu, wakasema. Makaburi. Shamba la tajiri aliyekataa kuuza. Hilo la mwisho lilinifurahisha.

Kiraka kile kinaitwa Schokland, na kilikuwa kisiwa. Maji yalikitafuna mpaka mwaka 1859 mfalme akaamuru wakazi wote wahamishwe. Mwaka 1932 Waholanzi wakamaliza ukuta wa kilomita 32 ulioitenga ghuba kilimokuwa kisiwa hicho na Bahari ya Kaskazini, na ilipofika 1942 maji yaliyokizunguka kisiwa yalikuwa yamepampwa yote. Leo unakwenda Schokland kwa baiskeli. Wanafunzi walikaa kimya, halafu mmoja akatoa hukumu: "Kwa hiyo wale waliohamishwa wangevumilia kidogo." Miaka 83 si kidogo, nikamwambia, lakini nilikumbuka kwamba katika umri wake mimi sikuwahi kuwaonea huruma Waholanzi wala kuwakasirikia. Niliwakariri tu.

Mwanafunzi mwingine, akipekua kwenye kadi ya Wikipedia, akakuta kuwa Schokland iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Akaendelea kushuka, akapiga kelele. Michoro ya miambani ya Kondoa nayo imo kwenye orodha hiyohiyo, tangu 2006. Wengi wao hawajafika Kolo kwenye michoro hiyo, ambako ni mwendo mfupi wa gari kutoka hapa. Walikuwa wanajua tu kwamba Wazungu huenda huko.

Ndipo likaja swali ambalo sikuwa nimeliandaa. Kama sisi tunaitazama Uholanzi kutoka juu, mtoto wa Uholanzi akiitazama Kondoa anaona nini?

Tukatazama. Kutoka juu, Kondoa ni wekundu uliochanwachanwa na makorongo. Watoto wa Uholanzi wakisoma kuhusu kwetu, watasoma juu ya mmomonyoko: kuna maandishi mengi ya wataalamu kuhusu Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mradi ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na jinsi mwaka 1979 mifugo yote ilivyoamriwa itoke kwenye eneo lililoharibika. Wazee wetu wanausimulia mwaka huo kama wengine wanavyosimulia njaa. Babu wa mwanafunzi wangu mmoja aliswaga ng'ombe zake hadi Kiteto na hakurudi na hata mmoja. Maandishi ya wataalamu yanataja idadi ya mifugo iliyoondoka. Babu anataja majina ya ng'ombe.

Tulichofanya baada ya hapo hakimo kwenye azimio la kazi. Jumamosi moja nilitoka na wanafunzi kumi na wanne hadi kwenye kilima kimoja kinachoonekana kwenye picha ya zamani, picha ya miaka ya HADO, ambapo kilima ni kidonda kitupu. Tukasimama karibu na pale aliposimama mpiga picha, au pale tulipodhani alisimama, maana tulibishana nusu saa juu ya jiwe moja. Kilima sasa kina miti. Makorongo yapo bado, ila yamevaa nyasi, na chini kuna mashamba ya alizeti. Tukapiga picha yetu. Wakaandika maelezo ya mistari mitano, wakabishana kama waandike "ardhi imepona" au "ardhi inapona". Walioshinda ni wa pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachonikera katika mazungumzo mengi kuhusu mtandao na shule. Tunauzungumzia kama dirisha, sisi tukiwa ndani tunachungulia nje. Lakini barabara ya Cape hadi Cairo inakatiza hapahapa Kondoa, na siku ile ya mwaka 2018 lami yake kutoka Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa, magari hayakuanza kwenda upande mmoja. Watoto wanaojua jinsi wanavyoonekana kwenye ramani za watu wengine hutazama ramani zote kwa jicho kali zaidi.

Na ramani zinahitaji jicho hilo. Ramani ya dunia iliyotundikwa ofisini kwetu inafuata makadirio ya Mercator, yaliyotolewa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Kwa baharia ni nzuri, pembe za safari zinabaki sahihi. Kwa mtoto wa shule ni fitina. Greenland inaonekana kukaribia Afrika kwa ukubwa, kumbe Afrika, yenye kilomita za mraba milioni 30, inaimeza Greenland mara kumi na nne. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake inaizidi. Zamani nililieleza hili kwa maneno na halikuwaingia. Siku hizi kila kundi linapewa chungwa, wanalimenya ganda likiwa zima kadiri wawezavyo, kisha wanajaribu kulilaza mezani bila kulichana. Halilali. Wakishahangaika, nawaonyesha kwenye kishikwambi programu inayokuruhusu kuikokota Greenland kwa kidole kutoka kwake hadi juu ya Kongo, na kila inapokaribia ikweta inazidi kusinyaa. Darasa linaangua kicheko. Machungwa hayarudi, wanayala. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliiunga mkono kampeni ya kuiacha Mercator na kutumia ramani inayotunza ukubwa halisi wa nchi. Kidato cha pili B walikuwa wamekwisha kupitisha azimio lao kabla.

Nisijifanye fundi. Mtandao umeniumbua pia, na mbele ya watoto. Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini. Mimi nilifundishwa hivyo, nikakabidhi kama nilivyopokea. Siku moja mvulana mmoja alirudi kutoka likizo, alikokuwa akitumia simu ya kaka yake, akanyoosha mkono: "Mwalimu, yule Mchina wa kwanza kwenda angani, mwaka 2003, alisema hakuuona ukuta. Na hakuwa hata mwezini, alikuwa karibu." Ni Yang Liwei, na ni kweli alisema hivyo. Nilikuwa na njia mbili, kumwambia akae chini au kufuta ubao. Nilifuta ubao. Sikulala vizuri usiku ule, nikihesabu ni wanafunzi wangapi wa miaka iliyopita wanaendelea kuuona ukuta ule kutoka mwezini kwa sababu yangu.

Najua walimu wenzangu ambao tukio kama hilo limewafanya wauchukie mtandao kabisa. Nawaelewa. Darasani heshima ndiyo mali yetu kubwa, mshahara unajulikana. Lakini mvulana yule hajanidharau. Sasa huja ofisini na mambo aliyoyasikia na kuuliza, "Hili nalo ni la kweli?" Mengi si ya kweli. Mwezi uliopita alileta picha ya theluji iliyofunika Kilimanjaro hadi mjini Moshi, iliyotengenezwa na kompyuta, nzuri kuliko mlima wenyewe. Tuliitazama pamoja dakika tano tukitafuta kosa. Yeye ndiye aliyeligundua: vivuli vya nyumba vilielekea pande mbili tofauti. Ujuzi huo hauko kwenye kitabu changu chenye gundi, na hawezi kuupata kwa kunyimwa simu mpaka amalize kidato cha nne kisha akabidhiwe dunia nzima siku moja.

Wazazi hunijia na hofu nyingine. Wanasema watoto wataona uchafu. Mzee mmoja alinisimamisha nje ya msikiti akanishika mkono kabisa: "Mwalimu, wewe ni mtu wetu, usituharibie watoto." Nilimwalika kipindini. Alikuja na kanzu yake, akakaa dawati la mbele, akaiona Moynaq. Baada ya kipindi aliniuliza kama wale wavuvi walilipwa fidia. Sikuwa na jibu. Kuhusu uchafu nilimwambia ukweli ninaouamini: upo, na wataukuta kwenye simu za kaka zao, si kwenye kishikwambi changu. Kishikwambi cha mwalimu chenye picha zilizoshushwa jana ndipo mahali salama kuliko pote ambapo mtoto anaweza kuujua mtandao.

Hofu nyingine ni ya wakuu: je, matokeo ya mtihani yatapanda? Kwa darasa langu, mwaka wa kwanza hayakupanda. Maswali ya ramani walifanya vizuri zaidi, maswali ya kutaja sababu tano walibaki palepale. Anayetaka kuuza vishikwambi kama dawa ya daraja sifuri atafute mpiga debe mwingine.

Ninachowaomba TAMISEMI na Wizara ya Elimu ni kidogo, kinaingia kwenye mstari mmoja wa waraka: ruzuku ya uendeshaji iruhusiwe kununua bando la maandalizi ya masomo, kama inavyonunua chaki, na mwalimu aoneshe alichokishusha kama anavyoonesha andalio la somo. Mwalimu atakayekutwa anaangalia mpira kwa bando hilo akatwe mshahara, mimi wa kwanza. Na wakuu wa shule, wakati waraka unasubiriwa, fungueni ile milango yenye kufuli. Kompyuta iliyokufa kwa kutumiwa haina tofauti na iliyokufa kwa vumbi, ila ya kwanza imefundisha mtu.

Naandika haya Ijumaa jioni. Kishikwambi changu kimebakiwa na MB 340. Kidato cha pili A wana kipindi changu Jumatatu saa nne kamili, na bado hawajaiona Schokland.